Safari ya misheni ya muda mfupi

Safari ya misheni ya muda mfupi ni ziara ambayo Wakristo, kwa kawaida wakiwa kikundi, huifanya nje ya mazingira yao ya kila siku ili kuhubiri, kufundisha, kutibu, kujenga au kutoa huduma nyingine, kisha hurudi makwao. Inaweza kudumu siku chache, wiki mbili au tatu, au miezi kadhaa. Wengine huhesabu hata mwaka mmoja au miwili kuwa muda mfupi. Inatofautiana na umisionari wa kudumu, ambapo mtu hujifunza lugha ya wenyeji na kuishi kati yao kwa miaka mingi, pengine mpaka kufa.

Wengi wanaorudi kutoka safari hizo husema kwamba mtazamo wao juu ya maisha umebadilika: wanaiona mali, kazi, familia na imani kwa namna nyingine. Tangu mwanzoni mwa karne ya 21 watafiti wamejiuliza kama mabadiliko hayo hudumu, yanategemea nini, na wenyeji wanapata nini katika safari ambayo mara nyingi humfaidi zaidi mgeni.

Asili katika Biblia

Wanaozitetea safari hizo hurejea hasa Injili ya Luka, sura ya 10, ambapo Yesu anawatuma wanafunzi 70 (au 72, kadiri ya hati mbalimbali za kale) wawili wawili katika miji ambayo mwenyewe alikusudia kuifikia. Sehemu kubwa ya maagizo yake inahusu namna ya kuwa mgeni: wasibebe mfuko, wakae katika nyumba moja, wale wanachopewa. Baadaye walirudi kwa furaha na kusimulia yaliyotokea.

Safari za Mtume Paulo pia hutajwa, kwa kuwa alirudi Antiokia na kutoa taarifa kwa Kanisa lililomtuma. Hata hivyo Paulo hakuwa mpita njia kila mahali: Korintho alikaa mwaka mmoja na nusu, na Efeso zaidi ya miaka miwili.

Simulizi linaloonyesha vizuri zaidi mabadiliko ya msafiri mwenyewe limo katika Matendo ya Mitume, sura ya 10. Mtume Petro anaalikwa Kaisaria, nyumbani kwa Kornelio, akida wa jeshi la Roma. Kabla ya hapo aliamini kuwa Myahudi hapaswi kuingia nyumbani mwa mtu wa mataifa. Anakaa huko siku chache tu, na anaondoka na msimamo mwingine. Hivyo aliyekwenda kufundisha alifundishwa pia. Alipofika Yerusalemu alilazimika kujieleza mbele ya wenzake, ambao hawakuwepo na hawakuona alichokiona. Tena, kadiri ya Waraka kwa Wagalatia, sura ya 2, baadaye Petro huyohuyo alijitenga na meza ya watu wa mataifa kwa kuwaogopa wenzake, hata Paulo akamkemea hadharani. Mtazamo uliobadilika safarini uliyumba alipokuwa tena kati ya watu wake.

Historia

Katika karne ya 19 safari fupi ya namna hii haikuwezekana. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, alikuwa amesafiri kwa meli kwa muda mrefu. Mwaka huohuo mke wake na mtoto wao mchanga walifariki dunia huko. Aliyekwenda misheni aliwaaga ndugu zake akijua kwamba huenda hataonana nao tena.

Hali ilibadilika baada ya Vita Vikuu vya Pili, hasa ndege za jeti zilipoanza kubeba abiria wengi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1957 Mmarekani George Verwer na wenzake wawili, wakiwa wanafunzi, walikwenda Mexico kugawa vitabu vya Kikristo. Kutokana na safari hiyo likazaliwa shirika la Operation Mobilisation. Mwaka 1960 Loren Cunningham alianzisha Youth With A Mission, ambalo mwaka 1964 lilipeleka vijana visiwani Bahamas wakati wa likizo.

Upande wa Kanisa Katoliki, tarehe 21 Aprili 1957 Papa Pius XII alitoa waraka Fidei Donum, akiwaomba maaskofu wakubali baadhi ya mapadri wa majimbo yao wakatumikie kwa muda majimbo yenye uhaba, hasa barani Afrika. Utaratibu huo ulidumu miaka kadhaa kwa kila padri, lakini ulizoesha wazo la kwenda misheni na kurudi. Nje ya makanisa, serikali ya Marekani ilianzisha Peace Corps mwaka 1961, na kujitolea ng'ambo kukawa jambo la kawaida kwa vijana wa nchi hiyo.

Mwanasosholojia Robert Wuthnow, katika kitabu chake cha mwaka 2009, alikadiria kwamba waumini milioni 1.6 wa Marekani huenda nchi za nje kila mwaka kwa safari hizo. Leo vikundi hutoka pia Korea Kusini, Brazil, Nigeria, Kenya na nchi nyingine nyingi. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulizisimamisha karibu zote kwa muda.

Jinsi safari inavyofanyika

Kwa kawaida usharika, parokia, shule au shirika huchagua mahali, huunda kikundi na kuteua kiongozi. Kila mmoja hutafuta nauli yake kwa kuchangisha ndugu, marafiki na waumini wenzake. Kabla ya kuondoka hufanyika mikutano ya maombi na ya mafunzo, pamoja na maandalizi ya pasipoti, viza na chanjo.

Kazi zinazofanywa huwa za aina nne hasa: uinjilisti, ujenzi wa nyumba, madarasa au visima, huduma za afya, na mafundisho kwa watoto na vijana. Mashirika machache hutegemea ujuzi maalumu. Kwa mfano Mercy Ships, lililoanzishwa mwaka 1978, huendesha meli za hospitali ambamo madaktari wapasuaji, wauguzi, mafundi na wapishi hujitolea kwa wiki au miezi, wengi wao wakijigharamia.

Jioni kikundi hukaa pamoja kutafakari yaliyotokea mchana. Wakirudi nyumbani hutoa ushuhuda kanisani na kuonyesha picha. Kwa vikundi vingi safari huishia hapo.

Mabadiliko ya mtazamo

Yanayosimuliwa

Mambo yanayotajwa zaidi na wasafiri ni shukrani kwa vitu walivyozoea kama maji ya bomba na umeme, kupungua kwa tamaa ya mali, heshima kwa ukarimu wa wenyeji, sala zaidi, na hamu ya kuchagua kazi yenye kusaidia watu. Baadhi kweli hubadilisha masomo au kazi, na wamisionari kadhaa wa kudumu walianza kwa safari fupi.

Tukio moja huelezwa mara nyingi kwa sura mbalimbali. Mgeni analala katika nyumba ya familia yenye kipato kidogo. Anapewa kitanda cha wenye nyumba, nao wanalala chini. Siku ya kuondoka anachinjiwa kuku, naye anajua kwamba wenyeji wake hawali nyama kila wiki. Alikuja kutoa, akajikuta anapokea.

Tukio hilohilo linaweza kueleweka kwa namna tatu tofauti. Ya kwanza ni kusema, "Mimi nina bahati." Hiyo ni shukrani, lakini inamweka mwenyeji kuwa kioo cha mgeni kujitazamia. Ya pili ni kusema, "Ni maskini lakini wana furaha." Kauli hiyo husikika kama sifa, ila inapuuza kwamba wenyeji huwachekea wageni kwa adabu, na kwamba mama yuleyule aliyecheka mezani anaweza kuwa na mtoto aliyeacha shule kwa kukosa sare. Ya tatu ni kuuliza: kwa nini zahanati iko mbali hivi, kwa nini bei ya mazao ni ndogo, na nchi ya mgeni inahusikaje? Namna mbili za kwanza zinamrudisha msafiri kwake akiwa ameguswa moyo. Ya tatu ndiyo inayoweza kugusa namna anavyotumia fedha, anavyopiga kura na anavyomtendea mhamiaji aliye jirani yake.

Kwa nini yanatokea

Mtaalamu wa elimu ya watu wazima Jack Mezirow alianza mwaka 1978 kueleza kwamba kila mtu huutazama ulimwengu kupitia dhana alizozizoea bila kuzichunguza. Anapokutana na jambo ambalo dhana hizo haziwezi kulieleza, huchanganyikiwa, na hapo ndipo anaweza kujifunza upya. Lakini kuchanganyikiwa peke yake hakutoshi. Ni lazima mtu atafakari, ajadiliane na wengine, kisha ajaribu kutenda kwa namna mpya. Bila hatua hizo tukio hubaki kumbukumbu tu.

Mwanasaikolojia Gordon Allport naye, mwaka 1954, alionyesha kwamba kukutana na watu wa jamii nyingine hupunguza ubaguzi pale ambapo pande zote zina hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano katika kazi, na kibali cha wenye mamlaka. Masharti hayo yasipotimia, kukutana kunaweza hata kuimarisha dhana mbaya. Jambo hilo linaeleza kwa nini vikundi viwili vinaweza kwenda kijiji kimoja na kurudi na mitazamo inayopingana. Aliyechimba msingi chini ya uongozi wa fundi wa kijiji amemjua fundi huyo kama mwalimu wake. Aliyegawa nguo na peremende akiwa juu ya gari amewaona watu wa palepale kama mikono inayoomba.

Mshtuko wa kwenda na wa kurudi

Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, aliyechunguza Wanorwe waliosoma Marekani, alieleza kwamba hisia za mgeni hufuata umbo la herufi U: furaha ya mwanzo, kushuka moyo, kisha kuzoea. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliongeza kwamba kurudi nyumbani kuna mteremko wake wa pili, hivyo umbo zima ni la herufi W.

Safari fupi ina tatizo la pekee hapo. Msafiri wa siku kumi mara nyingi huondoka akiwa bado katika furaha ya mwanzo, kabla hajachoka, hajakosana na mtu wala hajagundua alichokosea. Waswahili husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Msafiri wa aina hiyo hurudi kwao kabla ya kukabidhiwa jembe.

Akifika nyumbani hukuta maduka yamejaa na wenzake wanalalamikia mambo madogo. Baadhi hukasirika, wengine huona aibu, wengine hunyamaza kwa kuwa hakuna anayetaka kusikia zaidi ya dakika mbili. Baada ya miezi michache mazoea ya zamani huweza kurudi.

Utafiti kuhusu kudumu kwa mabadiliko

Utafiti unaotajwa sana ni wa Kurt Ver Beek, mwanasosholojia aliyeishi Honduras kwa miaka mingi, uliochapishwa mwaka 2006. Mwezi Oktoba 1998 Kimbunga Mitch kiliharibu vibaya nchi hiyo, na vikundi vingi vya makanisa ya Amerika Kaskazini vilikwenda kujenga nyumba. Ver Beek aliwauliza wasafiri zaidi ya 100, pamoja na familia za Honduras zilizopata nyumba, baadhi kutoka vikundi vya wageni na baadhi kutoka mashirika ya Wahonduras wenyewe.

Wasafiri wengi walisema kwamba safari iliwabadilisha, hata katika sala na utoaji. Lakini kumbukumbu za michango hazikuonyesha ongezeko lililolingana na maneno hayo. Kwa upande wa familia, haikuonekana tofauti kubwa kati ya waliojengewa na wageni na waliojengewa na watu wa nchi yao. Tena kikundi kimoja kilitumia kwa wastani dola 30,000 hivi, ilhali nyumba moja iligharimu dola 2,000 hivi. Fedha za safari moja zingetosha kujenga nyumba 15.

Ver Beek hakuhitimisha kwamba safari zote zifutwe. Alilinganisha msafiri na mche unaopindwa kwa mkono: ukiachiwa unarudi ulivyokuwa, lakini ukifungwa kwenye mti wa kuushikilia unakua katika mwelekeo mpya. Watu wa pwani husema samaki mkunje angali mbichi. Ver Beek angeongeza kwamba ni lazima kuendelea kumshika. Kilichoonekana kukosekana ni watu wa kumshikilia msafiri baada ya kurudi: kikundi cha kumuuliza alichoahidi, na uhusiano unaoendelea na wale aliowatembelea.

Lawama

Lawama dhidi ya safari hizo ni za zamani kuliko tafiti. Mwezi Aprili 1968 padri na mwanafalsafa Ivan Illich aliwahutubia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wanajiandaa kwenda vijijini. Aliwasihi waache kwenda kama wasaidizi, kwa sababu hawakuweza hata kuzungumza na watu waliotaka kuwasaidia. Kama ni kwenda, waende kutembea na kujifunza. Mwaka 2009 Steve Corbett na Brian Fikkert walieleza katika kitabu When Helping Hurts kwamba msaada usiofaa humwongezea mtoaji kiburi na mpokeaji aibu.

Lawama kuu ni hizi:
- Kazi za wenyeji. Wanafunzi wasiojua ujenzi huchanganya saruji wakati mafundi wa kijiji wamekaa bila kazi.
- Huduma za afya zisizo na mwendelezo. Dawa za shinikizo la damu za wiki mbili hazimsaidii mgonjwa anayezihitaji maisha yote. Pia mwanafunzi wa udaktari hana haki ya kufanya ugenini asichoruhusiwa kufanya kwao. Nchini Tanzania na Kenya daktari mgeni anatakiwa kupata kibali cha baraza la madaktari.
- Watoto. Mtoto wa kituo cha yatima anayezoeana na mgeni na kuachwa kila baada ya wiki mbili huumia. Mwaka 2010 watafiti Linda Richter na Amy Norman walionya juu ya utalii huo kusini mwa Afrika. Tena watoto wengi wanaoishi katika vituo vya namna hiyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Fedha za wageni zinaweza kuwa sababu ya kuwatoa nyumbani. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilisitisha usajili wa vituo vipya vya watoto.
- Picha. Watoto hupigwa picha na kusambazwa mitandaoni bila idhini ya wazazi, jambo ambalo wageni wasingelifanya katika shule za kwao.

Afrika Mashariki

Afrika Mashariki haikuwa ya kupokea tu. Katika miaka ya 1930 Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda, ulisambazwa na vikundi vya waumini waliosafiri kwa siku au wiki kadhaa, wakitoa ushuhuda na kuungama makosa yao hadharani. Mwaka 1937 kikundi cha namna hiyo kilifika Kabete, Kenya. Ndani ya ushirika huo Waafrika na Wazungu waliitana ndugu na kuungamiana, jambo lisilo la kawaida wakati wa ukoloni.

Mwaka 1971 mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, alitoa wito kwamba wamisionari na fedha kutoka ng'ambo visitishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kujitegemea. Mwaka 1974 wito huo ulijadiliwa Lusaka katika mkutano wa Kongamano la Makanisa ya Afrika Yote. Haukutekelezwa kikamilifu, lakini uliwafanya wengi waulize nani anaamua mgeni aje lini na kufanya nini.

Jibu mojawapo ni uhusiano wa kudumu ambamo safari fupi ni sehemu tu. Tangu mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na sinodi ya Kilutheri ya Saint Paul, Minnesota, zina ushirikiano unaojulikana pande zote mbili kwa jina la Kiswahili, Bega kwa Bega. Sharika za Marekani zimeunganishwa na sharika za Iringa. Wageni hurudi kwa watu walewale, na Watanzania nao hutembelea Minnesota. Vilevile Vereinte Evangelische Mission, umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, hupeleka vijana wa Ujerumani kusini na kupokea vijana wa Afrika na Asia Ujerumani.

Ndani ya nchi, vyama vya Kikristo vya wanafunzi wa vyuo, kama vile vilivyo chini ya TAFES nchini Tanzania na FOCUS nchini Kenya, hufanya misheni wakati wa likizo. Kwa kijana aliyekulia Nairobi, wiki moja Turkana inaweza kuwa ugenini kamili: lugha haijui, maji ni ya kutafuta, na dhana alizokuwa nazo juu ya wafugaji zinahojiwa. Mafunzo na hatari ni zilezile. Kiburi cha mjini kwa kijijini kinafanana sana na kile cha ng'ambo kwa Afrika.

Masharti ya safari yenye manufaa

Mwaka 2003 mashirika ya Marekani yalikubaliana juu ya viwango saba vya safari hizo, vikiwemo kupanga kazi pamoja na wenyeji, uongozi wenye sifa, mafunzo yanayofaa na ufuatiliaji baada ya kurudi. Kutokana na viwango hivyo na tafiti zilizotajwa, mambo yafuatayo husisitizwa:
1. Mwaliko na mpango vitoke kwa wenyeji, nao wawe na uhuru wa kukataa.
2. Mgeni ajifunze angalau salamu na adabu za mahali, na historia yake.
3. Kazi iongozwe na mtu wa pale, na isimnyang'anye mwenyeji ajira.
4. Watoto wasifanywe kivutio. Msaada uelekezwe kwa familia zao.
5. Hesabu ya gharama iwe wazi kwa pande zote mbili.
6. Tafakari ianze kabla ya safari na iendelee kwa miezi baada ya kurudi, kila msafiri akitaja jambo moja analokusudia kubadilisha.
7. Wenyeji nao waulizwe jinsi walivyoiona ziara, na ikiwezekana wapewe nafasi ya kutembelea upande wa pili.

Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Ushuhuda wa msafiri husikika kanisani kwake wiki inayofuata. Ule wa familia iliyomlaza kitandani mwake ni nadra kuombwa. Palipo na uhusiano wa miaka mingi, shuhuda zote mbili husikika, na mara nyingi ni ule wa mwenyeji unaomwonyesha mgeni ni kitu gani hasa alichojifunza.

Tazama pia

Umisionari
Uamsho wa Afrika Mashariki
Ekumeni
Utalii